Oksijeni ya Mto Mara

Machi 2022 maji ya Mto Mara pale Kirumi yaligeuka meusi, yakatoa harufu nzito, na samaki wakaelea wamekufa. Kirumi ni darajani, njia ya kila anayetoka Musoma kwenda Tarime: upande huu Butiama, ng'ambo Rorya. Habari haikuchelewa kufika mjini, na ilikuja na hukumu yake tayari: mgodi. Watu hawakuokota hukumu hiyo hewani. Mei 2009 maji ya mgodi wa North Mara yalivuja hadi Mto Tigithe, na Tigithe humwaga maji yake Mara. Mtafunwa na nyoka akiona unyasi hushtuka.

Serikali iliunda kamati chini ya Profesa Samuel Manyele wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, aliyepata kuwa Mkemia Mkuu wa Serikali. Kamati ikasema oksijeni majini ilikuwa imeshuka mno kwa sababu ya kinyesi na mkojo wa ng'ombe pamoja na mimea iliyooza. Nchi nzima ilicheka, na huku kwetu watu walikasirika. Mkoa huu ng'ombe ndiye mahari, ndiye ada ya shule, ndiye heshima ya boma; kumfanya mshitakiwa ni kumshitaki mwenye boma. Nilifundisha kemia miaka mingi katika sekondari za Mara, na siku zile niliowafundisha walinisimamisha njiani: "Shikamoo Mwalimu. Hivi ng'ombe wameanza kunywa maji ya Mara juzi?"

Swali lao lilikuwa zuri, na jibu lake linaanzia mbali kidogo.

Mwaka 1960 Mwingereza Jack Talling alifika Jinja, kwenye shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki lililoanzishwa 1947, akaanza kupima Ziwa Victoria kwa utaratibu, tabaka kwa tabaka. Alikuwa amekwisha kufanya kazi Khartoum, akichunguza maji ya Nile Nyeupe. Vipimo vyake vya 1960 na 1961 vilikuja kuwa mizani. Robert Hecky na wenzake walipopima tena karibu miaka 30 baadaye, waliona kwamba maji ya chini, ambayo enzi za Talling yalikosa oksijeni hapa na pale kwa muda mfupi tu, sasa yaliikosa kwa muda mrefu, na eneo lililoathirika liliweza kufikia nusu ya sakafu ya ziwa. Mwani ulikuwa umeongezeka, ukifa unazama, na kuoza kwake kunakula oksijeni. Rashid Tamatamah, Mtanzania, akapima mvua na vumbi vinavyoangukia ziwa, na matokeo aliyochapisha na wenzake mwaka 2005 yalionyesha kwamba zaidi ya nusu ya fosforasi inayoulisha mwani huo hutoka angani. Mashamba yanayochomwa na udongo unaopeperushwa vina sehemu yao humo.

Tunaijuaje oksijeni isiyoonekana? Njia iliyotumiwa na watafiti wa enzi hizo ilitolewa na Mhangaria Lajos Winkler mwaka 1888, nami niliifundisha kwa maji ya ziwa. Unazamisha chupa, unaijaza, unaifunga humo humo majini ili pasiingie hata kiputo kimoja cha hewa. Unatia chumvi ya manganizi, kisha ayodidi iliyochanganywa na magadi makali. Hapo darasa zima husogea mbele. Kama oksijeni ipo, mawingu ya rangi ya kahawia hujitokeza na kushuka taratibu. Kama haipo, mawingu ni meupe kama maziwa. Ukitia asidi, mawingu yanayeyuka na maji yanakuwa ya njano. Halafu unadondosha thayosalfeti tone kwa tone, unatia wanga, rangi inageuka buluu, unaendelea mpaka ipotee ghafla. Kiasi ulichodondosha ndicho kinachokwambia oksijeni ilikuwa kiasi gani. Kwa joto na mwinuko wa Musoma, maji yaliyoshiba hewa hayazidi sana miligramu 7 kwa lita. Ikishuka chini ya 2, samaki wengi wako taabani.

Kazi iliyonigusa zaidi ilifanyika juu ya mto, Maasai Mara, upande wa Kenya. Christopher Dutton na mkewe Amanda Subalusky, Wamarekani, walifanya mto huu kuwa kazi yao kwa miaka mingi. Subalusky alihesabu mizoga ya nyumbu wanaokufa maji wakati wa kuvuka: wastani wa 6,250 kwa mwaka, takriban tani 1,100 za nyama na mifupa. Kisha wakageukia viboko. Huko wako zaidi ya 4,000. Usiku wanakula nyasi nchi kavu, mchana wanalala majini, na kila siku wanashusha takriban kilo 8,500 za majani yaliyosagika nusu. Kwa kuwa hakuna mtu atakayeingia katika bwawa la viboko na mamba, walipeleka boti ndogo inayoongozwa kwa rimoti, yenye vifaa vya kupimia.

Waligundua kwamba kiangazi kinyesi hutuama chini ya mabwawa na kumaliza oksijeni yote. Kinachobaki ni maji meusi yenye amonia, methani na ile gesi inayonuka kama yai viza. Mvua ikinyesha ghafla, mto unayasukuma yote kwa mkupuo. Katika miaka 3 walirekodi mafuriko 49 yaliyoshusha oksijeni, na katika miaka 5 vifo 9 vya samaki kwa wingi. Makala yao ilitoka 2018.

Hilo ndilo jibu la swali la njiani. Ng'ombe hawakuanza juzi, na viboko vilevile. Kinachoua ni mrundikano wa muda mrefu unaokorogwa siku moja. Maelezo ya kamati, kwa kemia, yanawezekana kabisa, na waliocheka walicheka jambo linaloweza kuwa la kweli.

Lakini nawalaumu pia waliolijua jambo hilo. Miaka 4 kabla ya Kirumi lilikuwa limekwisha kuchapishwa kuhusu mto huu huu, kwa Kiingereza, na katika shule zote nilizopita sikuwahi kulisikia likitajwa. Mvuvi alilisikia kwa mara ya kwanza likiwa limevaa sura ya utetezi wa mgodi. Na tena Kirumi si bwawa la viboko: ni ukingo wa bwawa pana la mafunjo la Masurura, ambako maji hutambaa badala ya kukimbia, na ng'ombe hufuata malisho kiangazi. Mlinganyo wake unahitaji kupimwa pale pale, kabla ya mvua na baada ya mvua, mwaka hadi mwaka, na majibu yabandikwe kwa Kiswahili ubaoni mwaloni. Vifaa vya Winkler vinaingia kwenye kikapu kimoja, na kidato cha tano cha sekondari yoyote ya Butiama kinaweza kuanza msimu ujao wa vuli.