Ndege ya Likoni

Kwenye picha hiyo babangu amesimama mbele ya ndege. Amevaa suti ya kuazima. Kando yake mamangu amembeba kakangu, ambaye alikuwa bado hajafikisha mwaka. Ukiangalia haraka utasema hawa watu wanasafiri. Ukiangalia tena utaona bawa la ndege limejikunja pale vitambaa viwili vilipounganishwa, na chini ya viatu vya mzee kuna mchanga na vifuniko vya soda. Ndege ni ya rangi tu, imechorwa kwenye pazia. Picha ilipigwa Likoni, karibu na feri, mwaka wa 1996. Babangu alifariki bila kupanda ndege hata mara moja.

Desemba iliyopita kakangu aliandika kwenye grupu ya WhatsApp ya familia kwamba anatupeleka Mombasa. Kila kitu juu yake: treni, nyumba, chakula. Mamangu alisoma ujumbe, tiki zikawa bluu, akanyamaza siku mbili. Alikuwa hajakanyaga Pwani zaidi ya miaka 27. Halafu akajibu: "Sawa. Lakini Likoni siendi."

Mimi nilipewa kazi ya kupiga picha, juu ndiye sina kazi. Niliacha chuo mwaka wa tatu, nilipokuwa nikisoma historia, na tangu hapo nyumbani najulikana kama yule wa kuandika-andika. Kakangu ana swali moja tu kwangu, na alianza kuuliza kabla treni haijafika Mtito Andei: "Kwani hasa ni nini kilifanya uache?"

Siku ya kwanza tulizunguka Mji wa Kale. Dadangu mdogo alipozi kwenye kila mlango wa nakshi. Kwenye baraza moja mzee mwenye kofia alituangalia, akaniambia taratibu, "Mwanangu, mlango piga. Mimi niache." Nikamwomba radhi. Nikakumbuka kwamba watu wa mji huu wamekuwa wakipigwa picha na wageni miaka mingi bila kuulizwa. Kabla kamera hazijavumbuliwa, mwaka wa 1572, Mombasa ilikuwa tayari imechorwa ndani ya kitabu cha miji ya dunia kilichochapishwa Cologne, ukurasa mmoja na Aden, Kilwa na Sofala. Lakini pia wamekuwa na picha zao wenyewe. N. V. Parekh alifungua studio yake Mombasa mwaka wa 1942, na kwa miaka mingi watu walimwendea kwa hiari yao, wamevaa wanavyotaka, wakakaa wanavyotaka kukumbukwa. Hiyo ni tofauti kubwa. Mtu kuchukuliwa picha ni jambo moja, mtu kwenda kupigwa picha ni jambo lingine.

Kisha Fort Jesus. Wareno waliijenga kati ya 1593 na 1596 kwa ramani ya Mtaliano, Giovanni Battista Cairati. Waomani wakaizingira kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, na ndani mle maradhi yaliua kuliko vita. Waingereza nao wakaigeuza jela, kuanzia 1895 hadi 1958. Hayo yote mwongozaji aliyamaliza kwa dakika kumi, kakangu akiitikia kwa kichwa kama mtu aliyelipia.

Kilichonisimamisha mimi ni michoro. Kuna sehemu ya ukuta ambapo Wareno waliochoka na zamu walichora kwa makaa na udongo mwekundu: samaki, watu, na meli. Meli nyingi. Sio michoro ya fundi. Ni ya mtu aliye mbali na kwao, hajui atarudi lini, halafu mkononi ana kipande cha makaa. Mama alisimama pale muda mrefu kuliko sisi wote. Akasema, "Hizi ni kama zile za Likoni."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia akitaja jina hilo mwenyewe.

Basi akaanza kusimulia, tumekaa kwenye kivuli cha ukuta. Miaka ile ya 1990, ukishuka kuelekea feri ulikuta vibanda vya wapiga picha vimejipanga. Wengi wao walikuwa watu wa bara, kama wateja wao: vibarua wa bandarini, wapishi wa hotelini, mayaya, watu waliokuja kutafuta. Mapazia yalikuwa na meli, ndege, maghorofa ya miji isiyo na jina. Ulilipa, ukachagua safari yako, ukapigwa. Picha ikioshwa uliitia kwenye bahasha ukaituma nyumbani, ili wazazi waone kuwa mtoto wao hajapotea huko Pwani. Hakuna aliyedanganywa, alisema Mama. Kila mtu nyumbani alijua ndege ni ya rangi. Lakini ulikuwa umeenda mahali penye ndege ya rangi, na hilo lilitosha.

Siku ya pili tulienda Gede, kilomita chache kutoka baharini, ndani ya msitu. Huu ni mji uliostawi karne ya 15, wenye msikiti mkuu, kasri na nyumba za mawe ya matumbawe. Kaburi moja lina tarehe ya mwaka 802 wa Hijra, yaani 1399. James Kirkman alipoanza kuchimba mwaka wa 1948 alikuta vyombo vya kauri kutoka China. Kwa muda mrefu vitabu viliandika kana kwamba miji hii ililetwa na wageni kwa jahazi, ikashushwa ufuoni ikiwa tayari. Uchimbaji wa baadaye, hapa na kwingine Pwani, umeonyesha kwamba ilikulia papa hapa, kutoka kwa vijiji vya Waafrika waliovua, waliolima na waliofanya biashara na bahari. Julai 2024 UNESCO iliuingiza Gede kwenye orodha ya urithi wa dunia.

Mwanzoni mwa karne ya 17 mji ulikuwa umebaki mtupu. Kwa nini? Mwongozaji alitaja kisima kilichochimbwa kwenda chini zaidi, dalili kwamba maji yalikuwa yanapungua. Akataja mashambulizi, akataja biashara kuhama. Kakangu akataka jibu moja. "Lakini sababu hasa ilikuwa gani?"

Mama akamjibu kabla ya mwongozaji. "Hakuna mtu huhama kwa sababu moja."

Kakangu akanyamaza. Mimi pia. Kiswahili kina neno gofu, la jengo lililobomoka, na kina neno mahame, la mahali watu walipohama. Watalii huambiwa wanaenda kuona magofu. Mama alikuwa anaangalia mahame.

Usiku ule ndio nilisikia habari za Agosti 1997 kwa mpangilio. Usiku wa tarehe 13 vijana wenye silaha walivamia kituo cha polisi cha Likoni, wakaua askari, wakaiba bunduki. Siku zilizofuata nyumba na vibanda vya watu wa bara vikachomwa. Zaidi ya watu 100 waliuawa na maelfu kwa maelfu wakakimbia. Uchaguzi ulikuwa Desemba. Wenyeji walikuwa na malalamiko ya kweli, ya ardhi na ya kazi, na baadaye tume ya Jaji Akiwumi iliyachunguza mapigano hayo pamoja na mengine ya kikabila nchini. Hayo niliyasoma chuoni. Nilipata alama nzuri hata.

Ambalo sikuwa nimesoma ni kwamba jirani yetu, mama wa Kidigo, aliwaficha wazazi wangu na mtoto ndani ya chumba chake siku mbili. Alfajiri ya siku ya tatu alimfunga kakangu kwa leso yake mwenyewe, akawasindikiza hadi feri akijifanya wao ni wageni wake. Walikuwa na mfuko mmoja: vitambulisho, kadi ya kliniki, na picha ya ndege. Mama hakumuaga vizuri. Feri ilikuwa inaondoka. "Nilikuwa naogopa kurudi nikamkuta," akasema, "na mikono mitupu."

Asubuhi ya mwisho alitoka chumbani na leso imekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki. Hakuna aliyesema kitu. Tukavuka.

Mtaa ulikuwa umebadilika, ghorofa limesimama pale kwenye nyumba ya udongo. Muuza makaa alimkumbuka jirani. Alifariki zamani kidogo, Mwenyezi Mungu amrehemu, lakini bintiye yuko Ukunda. Akatupa namba. Mama akaandika kwenye karatasi, ingawa ana simu, akaikunja ndani ya leso.

Tukirudi ferini alisimama upande wa kushoto, mahali pasipo na chochote ila muuza miwa na mapikipiki. "Kilikuwa hapa kibanda," akasema. "Nipige." Akashika mfuko wake kwa mikono miwili. Hakutabasamu, watu wa zamani hawatabasamu kwenye picha. Nyuma yake meli ya makontena ilikuwa inapita kuelekea bandarini, kubwa kama mtaa mzima. Kakangu akakimbia akasimama kando yake, akanivuta mkono nami, tukampa simu mwenye miwa atupige.

Bawa la mtu mwingine limeingia kwenye kona, ni mkono wa dadangu akielekeza. Mama ameshaniuliza mara tatu kama nimeiosha. Namba ya Ukunda alipiga Jumapili iliyopita, akaniambia nitoke nje kwanza.