Laptopu ya gemu: lipia kwanza kile usichoweza kubadilisha

Matokeo ya Kidato cha Nne yakishatoka na barua za vyuo zikianza kuja, simu yangu haipumziki. Mzazi ameahidi laptopu, kijana anataka ya gemu, mzazi anaona gemu ni kupoteza wakati, na mimi naitwa katikati kama mshenga. Wazazi huwaambia hivi: laptopu inayobeba gemu nzito ndiyo hiyo hiyo itakayobeba programu za kuchora majumba, kuhariri video na kuunda picha za pande tatu. Kijana anayekwenda kusomea usanifu wa majengo ataihitaji hata kama hachezi gemu hata moja. Kucheza usiku kucha mpaka alfajiri ikampita ni jambo la malezi, mashine haina makosa.

Lakini pesa zenyewe si mchezo. Wengi wanaoniuliza wana kati ya laki moja na laki mbili, nusu imetoka kwenye chama cha mama na nusu kwa mjomba aliye Ghuba, na zikishatoka zimetoka. Kwa hivyo naandika hapa mara moja yale ninayoyarudia kila mwaka.

Ndani ya laptopu mna vitu vinavyobadilika na visivyobadilika. RAM na SSD, kwa laptopu nyingi za gemu, fundi hufungua skrubu kadhaa akaongeza au akabadilisha siku hiyo hiyo. Kadi ya grafiki na prosesa zimelehemiwa kwenye madabodi, ulivyonunua ndivyo utakavyokaa nazo mpaka mwisho. Skrini hubadilishwa ikivunjika, ila kutoa dhaifu na kutia bora zaidi ni usumbufu na gharama. Basi pesa ziende kwanza kwa kadi ya grafiki, kisha skrini, kisha mwili wa mashine na feni zake. Wauzaji wengi hukuvuta kinyume chake. Watakuonyesha RAM ya GB 32 na terabaiti nzima ya hifadhi, kumbe kadi iliyomo ni ya chini kabisa.

Tuanze na kadi, maana hapa ndipo watu wengi hulizwa. Nvidia hutoa kadi zenye majina kama RTX 4050, 4060 na 4070, na kizazi kilichofuata ni 5050, 5060 na 5070. Mtu huona 4060 kwenye kibandiko akadhani 4060 zote ni sawa. Si sawa. RTX 4060 ya laptopu imeruhusiwa kutengenezwa kwa nguvu ya wati 35 hadi wati 115, na anayeamua ni kampuni inayounda laptopu. Ile nyembamba na nyepesi inaweza kupewa wati chache kwa sababu haina nafasi ya kupoza, na ikashindwa na 4050 ya jirani yake iliyopewa nguvu kamili ndani ya mwili mnene. Jina moja, kazi mbali. Kwa hivyo usiulize tu ni kadi gani, uliza ni ya wati ngapi. Muuzaji asipojua, na wengi hawajui, washa mashine ufungue programu ya mipangilio ya Nvidia, uingie sehemu ya taarifa za mfumo. Kiwango cha juu cha nguvu ya kadi kimeandikwa pale kwa wati.

Jambo la pili kwenye kadi ni kumbukumbu yake yenyewe, ambayo si ile RAM ya kompyuta, nayo haiongezeki kamwe. RTX 4050 ya laptopu ina GB 6, 4060 ina GB 8, na 4070 nayo ina GB 8 vile vile. Hiyo ya mwisho wengi hawaijui. Ukiongeza maelfu ya shilingi kutoka 4060 hadi 4070 unapata kasi zaidi, lakini nafasi ya kumbukumbu ni ile ile, na gemu za miaka hii zinaimaliza haraka. Kwa mwenye laki moja na nusu, mimi ningetafuta 4060 au 5060 yenye wati za kutosha na kuishia hapo. RTX 3050 ya GB 4 bado inauzwa kama laptopu ya gemu. Kwa mpira na gemu za zamani itafaa, lakini kama ndiyo akiba ya miaka yote, tafadhali usiinunue.

Prosesa nitaipita haraka, kwa sababu ikishakuwa ya kiasi haikuzuii. Angalia herufi ya mwisho. U ni ya laptopu nyembamba za ofisini, H au HS ndiyo ya kazi hii, HX ni kali zaidi na hutoa joto zaidi. Core i5 au Ryzen 5 yenye H inatosha kabisa. Pesa za kupanda hadi i9 zipeleke kwenye kadi.

Skrini sasa. Inchi hupimwa kwa mshazari, kona hadi kona, na kwa laptopu za gemu utakutana na 14, 15.6, 16, 17.3 na 18. Tofauti ya 15.6 na 16 watu huidharau, na kwa namba inaonekana ndogo kweli. Lakini skrini nyingi za inchi 16 siku hizi zina umbo la 16 kwa 10, na zile za 15.6 ni 16 kwa 9. Ukipiga hesabu, upana wake unakaribia kuwa mmoja, sentimita 34 na nusu hivi, ila ya inchi 16 inapata sentimita 2 zaidi kwenda juu. Kwenye gemu hutaziona sana. Kwenye kusoma, kuandika insha na kuchora ramani ya nyumba utaziona kila siku, na begi ni lile lile.

Ukubwa uchague kwa miguu yako. Anayevuka feri ya Likoni asubuhi na jioni, kisha matatu, asinunue ya 17 wala 18. Mashine peke yake inakaribia kilo 3, na chaja yake ni kama tofali. Huyu achukue 14 au 16. Ambaye laptopu yake itakaa mezani siku zote anaweza kuchukua kubwa, ingawa mimi ningemshauri achukue ya 16 na aunganishe televisheni ya nyumbani kwa waya wa HDMI akitaka upana. Ya inchi 14 inavutia, ila ina nafasi ndogo ya hewa, kwa hivyo tarajia kelele na joto zaidi kwa kadi ile ile.

Wingi wa pikseli uendane na kadi. Skrini ya 1920 kwa 1080 ina pikseli milioni 2 na kidogo. Ya 2560 kwa 1600 ina zaidi ya milioni 4, yaani kadi inafanya karibu kazi maradufu kuchora picha ile ile. Kwa 4050 baki na ile ya chini. Kwa 4060 au 5060 hiyo ya juu inawezekana, ukikubali kupunguza urembo wa gemu kidogo. Hz 144 au 165 zinatosha mtu wa kawaida.

Kitu ambacho hakiandikwi kwenye bango la duka ni mwangaza na rangi. Mwangaza hupimwa kwa niti. Laptopu nyingi za bei nafuu hutoka na niti 250, na kwa nyumba zetu zenye madirisha wazi, au ukikaa barazani saa tisa mchana, hapo huoni kitu ila uso wako mwenyewe. Tafuta 300 kwenda juu, ukipata 400 bora. Kwa rangi, ukiona imeandikwa NTSC asilimia 45, jua ni skrini iliyofifia. Anayehariri picha za harusi atampa bi harusi rangi zisizo zake. Tafuta sRGB asilimia 100.

Joto letu nalo liingie kwenye hesabu. Februari na Machi Mombasa hufika nyuzi 32 na zaidi, hewa nzito, na feni ya laptopu inavuta hewa hiyo hiyo. Prosesa ikikaribia nyuzi 100 hujipunguza kasi yenyewe, na hapo ndipo gemu inapoanza kukwama. Ndiyo sababu napendelea mwili mnene wenye matundu ya hewa nyuma na pembeni kuliko wembamba wa kujionyesha. Usiiweke juu ya godoro wala mkeka, matundu ya chini yanazibwa. Aliye karibu na bahari aifunike baada ya kuizima na kumpa fundi aisafishe vumbi kila baada ya miezi kadhaa, maana chumvi na unyevu hula chuma taratibu.

RAM anza na GB 16, na ziwe vipande viwili vya 8, kwa kuwa viwili hufanya kazi sambamba na gemu huihisi tofauti. SSD ya GB 512 hujaa upesi, gemu moja kubwa inaweza kula GB 100 na ushei. Hakikisha kuna nafasi ya kuongeza. Kwenye Windows, bonyeza Ctrl, Shift na Esc pamoja, ingia sehemu ya utendaji. Utaona kadi, RAM na nafasi ngapi zimetumika. Kwa laptopu iliyotumika, andika pia powercfg /batteryreport kwenye dirisha la amri ulinganishe uwezo wa betri ya sasa na wa ilipotoka kiwandani.

Usibabaishwe na masaa ya betri. Gemu nzito huimaliza kwa saa moja hivi, na bila umeme kadi hupunguzwa nguvu. Chaja ndiyo muhimu: ikifa, usichukue yoyote inayoingia tundu. Mashine ya wati 230 ukiipa chaja ya wati 120, betri itapungua huku imechomekwa.

Anayeletewa kutoka Dubai amwambie mjomba mambo matatu kabla hajalipa. Plagi ni kama zetu, hiyo haina shida, lakini kibodi nyingi za huko zina herufi za Kiarabu pembeni. Mwenye kusoma madrasa atafurahi, mwingine ataudhika. Dhamana aulize kama inakubalika Kenya, na jibu aandikiwe kwenye risiti. Na betri isizidi wati-saa 100, kwani hicho ndicho kiwango ambacho abiria huruhusiwa kwenye ndege bila kuomba idhini. Namba hiyo imeandikwa chini ya mashine kwa herufi ndogo, na laptopu ipandishwe mkononi, isitiwe kwenye sanduku la mizigo.