Haki, Nakala na Uteuzi: Criterion Channel na Hatima ya Filamu za Zamani Mtandaoni

Tarehe 8 Aprili 2019 kampuni ndogo ya New York iitwayo Criterion ilifungua Criterion Channel, huduma ya kutazama mtandaoni filamu za zamani na filamu za kisanaa kutoka pande mbalimbali za dunia. Ada yake ilikuwa dola 10.99 kwa mwezi. Siku ya ufunguzi watazamaji walikaribishwa na mkusanyiko wa filamu za uhalifu za studio ya Columbia, zile zilizopigwa kwa mwanga hafifu na vivuli virefu. Wengi waliipokea kama habari ya teknolojia: jukwaa jingine limeongezeka katika soko ambalo Netflix na Amazon zilikwisha kulitawala. Makala haya yanalitazama tukio lile kwa jicho tofauti. Hoja yake ni kwamba huduma ile iliwezekana kwa sababu ya haki za usambazaji ambazo kampuni dada ya Criterion, Janus Films, ilianza kuzikusanya mwaka 1956, na kwamba huduma ya namna hii isiyoshika haki wala nakala za filamu zake huishi kwa hisani ya mtu mwingine.

Ushahidi wa karibu zaidi ni kifo cha huduma iliyoitangulia. FilmStruck ilifunguliwa tarehe 1 Novemba 2016 kwa ubia wa Criterion na Turner Classic Movies, stesheni ya televisheni ambayo tangu 1994 imekuwa ikiwaonyesha Wamarekani filamu za zamani bila kuzikatiza kwa matangazo ya biashara. Criterion ilileta Kurosawa, Bergman, Fellini na Satyajit Ray. Mwanzoni mwa 2018 zikaongezwa filamu za Hollywood kutoka hazina ya Warner, Casablanca ikiwa mojawapo. Miezi michache baadaye, Juni 2018, kampuni ya simu ya AT&T ilikamilisha ununuzi wa Time Warner, iliyokuwa ikiimiliki Turner. Tarehe 26 Oktoba wateja walitangaziwa kwamba huduma itafungwa, na tarehe 29 Novemba ikafungwa kweli. Ilikuwa imeishi miaka miwili na wiki nne.

Maelezo ya wamiliki hadharani yalikuwa mafupi: FilmStruck ilikuwa huduma ya watu wachache. Wachache hao hawakunyamaza. Makumi ya maelfu walitia saini ombi la kutaka irudishwe, na waongozaji wenye majina makubwa, Martin Scorsese, Christopher Nolan na Guillermo del Toro wakiwamo, waliuandikia barua uongozi wa Warner. FilmStruck haikufufuka. Ila tukifuatilia yaliyozipata filamu za kila upande wa ubia ule, tutaona jambo ambalo maombolezo ya wakati ule yalilifunika.

Filamu zilizokuwa mikononi mwa Criterion na Janus zilirudi hewani baada ya miezi minne na ushee, katika huduma waliyoiendesha wenyewe. Filamu za hazina ya Warner zilisubiri uamuzi wa wakubwa. Nyingi zilionekana tena Mei 2020 HBO Max ilipoanza, zikiwa zimetengewa kona yao ndani ya jukwaa lililojengwa kwa ajili ya mambo mengine. Hata huko hazikutulia. Baada ya Warner kuungana na Discovery mwaka 2022, vipindi na filamu kadhaa viliondolewa katika jukwaa hilo ili kupunguza gharama. Juni 2023 Turner Classic Movies yenyewe ilipunguziwa wafanyakazi kiasi cha kuwalazimu Scorsese, Steven Spielberg na Paul Thomas Anderson kuingilia kati. Watazamaji walikuwa walewale, filamu za pande zote mbili zilikuwa na sifa ileile, na mwaka wa kufungiwa ulikuwa mmoja. Kilichotofautisha hatima zao ni nani alikuwa na mkataba mkononi na biashara yake hasa ilikuwa nini. Kwa AT&T filamu za zamani zilikuwa mstari mmoja katika hesabu ndefu, ilhali Criterion haikuwa na biashara nyingine ya kukimbilia.

Mkataba huo ulitoka wapi? Bryant Haliday na Cyrus Harvey walikuwa wakiendesha ukumbi wa sinema wa Brattle, huko Cambridge katika jimbo la Massachusetts, hatua chache kutoka Chuo Kikuu cha Harvard. Waliona kwamba wanafunzi na walimu walikuwa tayari kulipa kiingilio ili waone filamu za Ulaya na Asia, hata kama walilazimika kusoma tafsiri chini ya picha, wakaanzisha Janus Films ili wazisambaze wenyewe. Mwaka 1965 kampuni ilichukuliwa na Saul Turell na William Becker, na watoto wao, Jonathan Turell na Peter Becker, ndio waliokuja kuiongoza Criterion. Criterion yenyewe ilianza mwaka 1984 kwa kutoa Citizen Kane na King Kong kwenye santuri za leza. Katika King Kong mtaalamu Ronald Haver aliirekodi sauti yake akiifafanua filamu huku inaendelea, jambo ambalo halikuwahi kufanyika kabla ya hapo. Santuri zikaja zikapita, zikafuatiwa na DVD, kisha Blu-ray, kisha intaneti. Vyombo vyote hivyo vilibadilika juu ya msingi uleule wa mikataba.

Hata hivyo mkataba una mwisho, na nakala ya filamu ina maisha yake mbali kabisa na mkataba. Hakuna mfano unaolionyesha hilo vizuri kuliko La Grande Illusion ya Jean Renoir (1937). Criterion ilipoanza kutoa DVD mwaka 1998, iliipa filamu hii namba 1 katika orodha yake, kisha ikachelewesha kuitoa kwa sababu kulikuwa na nakala bora kuliko ile waliyokuwa nayo: negativu ya asili, yaani utepe wenyewe uliopita ndani ya kamera ya Renoir. Kwa miaka mingi iliaminika kwamba negativu hiyo iliteketea katika mashambulizi ya anga mwaka 1942. Kumbe Wajerumani walioikalia Ufaransa walikuwa wameipeleka katika hifadhi ya filamu huko Berlin. Vita vilipokwisha hifadhi ile iliangukia upande wa Wasovieti, negativu ikasafirishwa hadi Moscow. Katika miaka ya 1960 ikarudi Ufaransa, katika hifadhi ya filamu ya Toulouse, ndani ya shehena ya kubadilishana nakala, na hapo ikakaa bila mtu kujua ni kitu gani hadi ilipotambuliwa mapema miaka ya 1990. Utepe wa nitrati, ambao huoza na kuwaka moto kwa urahisi, ulivuka nchi tatu na vita vikubwa ukapona kwa sababu kila hifadhi iliyoupokea iliuweka mahali pake badala ya kuutupa. Jukwaa la mtandaoni halina uwezo huo. Na kama miaka kumi baada ya Criterion kutoa filamu ile, haki zake zilirudi kwa StudioCanal ya Ufaransa, na namba 1 ya orodha yao ikatoka mikononi mwao.

Yaliyoipata negativu ile ni nadra. Utafiti wa David Pierce uliochapishwa na Maktaba ya Bunge la Marekani mwaka 2013 ulionyesha kwamba kati ya filamu ndefu bubu za Kimarekani zinazokaribia 11,000, ni asilimia 14 tu zilizobaki katika umbo lake la asili. Nyingine ziliungua, nyingine zilioza, na nyingi ziliharibiwa na studio zenyewe baada ya sauti kuingia kwenye sinema, kwa kuwa hakuna aliyeona zingemfaa nani. Mtu anayeamini kwamba kila kitu sasa kipo mtandaoni hana budi kuitafakari asilimia hiyo.

Hoja ya pili inahusu uteuzi. Majukwaa makubwa humpangia mtazamaji kwa hesabu za kompyuta: umetazama hiki, basi utapenda kile. Criterion Channel hupangwa na watu. Katika miaka yake ya mwanzo kulikuwa na filamu fupi iliyooanishwa na ndefu kila Jumanne, filamu mbili za kutazamwa pamoja Ijumaa usiku, na mfululizo ambamo wanazuoni David Bordwell, Kristin Thompson na Jeff Smith walionyesha jinsi tendo moja la kamera linavyofanya kazi. Scorsese, katika insha aliyoichapisha mwaka 2021, alitetea uteuzi wa aina hii kuwa ni ukarimu wa anayependa kitu na kutaka wengine wakionje, na akalaumu hesabu za kompyuta kwa kumgeuza mtazamaji kuwa mnunuzi tu. Nakubaliana naye, lakini utetezi wake hautoshi, kwa sababu mkarimu naye ana marafiki anaowaalika na majirani anaowasahau.

Agosti 2020 gazeti la New York Times lilichapisha uchunguzi kuhusu orodha ya Criterion. Katika orodha hiyo ya filamu zaidi ya 1,000, waongozaji Wamarekani weusi walikuwa wanne tu. Peter Becker hakukana. Alikiri kwamba kulikuwa na mambo ambayo macho yake hayakuyaona. Miezi miwili kabla ya hapo, wakati wa maandamano yaliyofuata mauaji ya George Floyd, huduma ilikuwa imefungua bila malipo filamu kadhaa za waongozaji weusi, zikiwamo Daughters of the Dust ya Julie Dash na Losing Ground ya Kathleen Collins. Losing Ground ilikamilika mwaka 1982, Collins akafariki mwaka 1988, na filamu yake ikaja kusambazwa ipasavyo baada ya kukarabatiwa mwaka 2015. Kosa la Criterion lilikuwa zito, maana wateuzi walikuwa wameipa orodha yao hadhi ya urithi wa sinema ya dunia. Pamoja na hayo, kosa hilo lilikuwa na mwenyewe, mwenye jina na ofisi, aliyeweza kuulizwa na kulazimika kujibu. Hesabu za kompyuta zinapomnyima mtazamaji filamu za Collins, hakuna wa kuandikiwa barua. Thamani kubwa ya uteuzi wa binadamu, kwa maoni yangu, ni kwamba unaweza kushtakiwa mbele ya umma, na mteuzi akabadilika.

Kwa Afrika, mambo haya matatu ya haki, nakala na uteuzi yanakutana mahali penye uchungu. Chukua Touki Bouki ya Djibril Diop Mambéty (1973). Mory na Anta, vijana wa Dakar, wanataka nauli ya kwenda Paris. Mory anaendesha pikipiki aliyoifunga fuvu la ng'ombe mbele ya usukani, pembe zimetoka pande mbili, na mtazamaji amekwisha kuwaona ng'ombe wenye pembe kama hizo wakiswagwa hadi machinjioni, damu ikitapakaa sakafuni. Kwa hiyo kila pikipiki inapopita mjini, tunajua ni kitu gani kinachosafiri pamoja na kijana huyu, ingawa yeye mwenyewe hajui. Melini, mguu wa Mory unakataa kupanda. Anta anaondoka peke yake. Filamu hii ilikarabatiwa mwaka 2008 huko Bologna, Italia, chini ya mfuko wa sinema ya dunia ulioanzishwa na Scorsese, na Criterion ikaitoa mwaka 2013 pamoja na mahojiano ya mwongozaji Abderrahmane Sissako. Mwaka 2018 Beyoncé na Jay-Z waliitumia pikipiki ile ya pembe katika tangazo la ziara yao, na picha ikaenea duniani kote.

Criterion Channel inapatikana Marekani na Kanada peke yake. Haki za filamu huuzwa nchi kwa nchi, na Criterion ilinunua za huko. Mswahili anayeishi Minneapolis au Toronto anaweza kulipia na kumtazama Mambéty leo usiku. Ndugu yake aliyeko Mombasa au Bujumbura hawezi, wala Msenegali aliyeko Dakar. Mwongozaji Msenegali Ousmane Sembène alitengeneza Mandabi (1968) kwa Kiwolofu makusudi, ili watu wake waielewe bila kupitia Kifaransa. Inauma kwamba nakala nzuri kuliko zote za filamu ile zimewafikia kwanza watazamaji wasiokijua Kiwolofu. Huduma nyingine, MUBI, iliyoanzishwa na Efe Çakarel mwaka 2007, inafika nchi nyingi zaidi, lakini yaliyomo hutofautiana baina ya nchi na nchi kwa sababu hiyohiyo ya mikataba.

Mwaka 2017 mfuko wa Scorsese, Shirikisho la Watengenezaji Filamu wa Afrika na UNESCO walianzisha mradi wa kutafuta na kukarabati filamu 50 za Kiafrika. Soleil Ô ya Med Hondo ilikuwa miongoni mwa za mwanzo, na Sambizanga ya Sarah Maldoror, kuhusu mapambano ya Angola, ikafuata mwaka 2021. Kazi hiyo inastahili kila heshima. Lakini mradi hukarabati kilichopatikana, na ili kitu kipatikane lazima mtu ajue kipo wapi na ni cha nani.

Hapa ndipo suala linapotuhusu moja kwa moja. Kampuni ya Filamu Tanzania iliundwa mwaka 1968, ikafa ikiwa imeacha filamu zilizopigwa kwa Kiswahili na kwa fedha ya umma. Arusi ya Mariamu, ya Nangayoma Ng'oge na Ron Mulvihill, ni ya miaka ya 1980. Maangamizi (2001), ya Martin Mhando na Mulvihill huyohuyo, ni filamu ya kwanza Tanzania kuiwasilisha katika tuzo za Oscar. Wazo la kujenga jukwaa letu la filamu za zamani za Kiswahili husikika mara kwa mara, na husemwa kama vile kikwazo ni programu na wawekezaji. Programu siku hizi hukodishwa. Kinachohitajika kabla yake ni daftari linaloonyesha kwa kila filamu: negativu ilisafishwa katika maabara gani na ya nchi gani, iko kwenye rafu ya nani, nani alitia saini mkataba wa usambazaji, unahusu nchi zipi, na unaisha lini. Baadhi ya walioshiriki bado wako hai na wanaweza kuulizwa mwaka huu.