Senegal: Neno la Khalifa na Kura ya Mfuasi

Je, Mwislamu aweza kushika imani yake na papo hapo kuikubali dola isiyofungamana na dini? Senegal ililijibu swali hilo kwa matendo. Mwaka 1960 nchi hiyo, ambayo raia wake walio wengi sana ni Waislamu, ilimpata Mkatoliki, Léopold Sédar Senghor, kuwa rais wa kwanza. Alitawala miaka ishirini, kisha akajiuzulu kwa hiari.

Lakini tusiipambe mno habari hiyo. Senghor aliegemea mashehe wa tarika, hasa Falilou Mbacké, khalifa wa Wamuridi, ambaye neno lake lilikuwa amri kwa wafuasi. Ajabu kweli: dola isiyo na dini kusimama juu ya agizo la shehe! Mwaka 1988 khalifa mwingine, Abdou Lahat Mbacké, aliwaamuru Wamuridi wamchague Abdou Diouf. Wengi walitii, ila baadhi walinung’unika: katika ibada tutakufuata, lakini kura ni yetu. Waliomrithi walijizuia kutoa amri ya wazi namna hiyo. Mwaka 2000 Diouf alishindwa kwa kura, naye akampigia simu Abdoulaye Wade kumpongeza.