Marwa Si Ukoo

Fomu ya kitambulisho cha taifa ina nafasi ya jina la kwanza, jina la kati na jina la ukoo. Mkurya wa Nyamongo au Sirari hazimsumbui nafasi hizo. Anaandika Mwita Marwa Chacha, anaweka dole gumba, anaondoka. Mwita ni yeye, Marwa ni baba yake, Chacha ni babu yake. Ofisi imeridhika, ila ukoo haujatajwa hata kidogo. Mwita akizaa binti akamwita Nyangi, binti ataandikwa Nyangi Mwita Marwa, na lile jina "la ukoo" la Chacha litakuwa limekwisha toka kwenye karatasi. Ukoo gani huo unaofutika kila anapozaliwa kitukuu?

Ukoo wa Mkurya uko kwingine. Kwanza kuna ikiaro, kundi kubwa lenye ardhi yake na wazee wake: Wairege, Wanyabasi, Watimbaru, Wanyamongo, Wakira, Wanchari, Warenchoka, Wasweta na wengineo. Ndani ya ikiaro kuna egesaku, na ndani ya egesaku kuna matawi hadi kufikia mji wa mtu mmoja. Kwa hiyo abiria wawili wanaoitwa Marwa, wamekaa kiti kimoja kwenye basi la Tarime kwenda Mugumu, huenda hawana damu hata tone moja ya pamoja. Mmoja Mwirege, mwingine Mnyabasi, na babu zao walirushiana mishale kwa sababu ya ng'ombe na malisho. Mapigano ya koo yameiumiza Tarime mno, na kwa sababu hiyo sishangai kwamba hakuna kiongozi anayetamani ikiaro kiandikwe kwenye fomu.

Jina lenyewe basi linatoka wapi? Mengine hutoka angani na shambani. Wambura ni wa mvua, na utamkuta kwa Wakurya, Wangoreme, Waikizu na Wazanaki vilevile. Ukivuka kwenda Rorya, wilaya iliyomegwa kutoka Tarime mwaka 2007, Mjaluo aliyezaliwa mvua ikinyesha ataitwa Okoth. Weigesa ni wa mavuno. Bhoke hunasibishwa na asali. Marwa wengi hulihusisha na amarwa, pombe ya nafaka, na utani huo hauishi vilabuni. Lakini Marwa wa leo hakupewa jina kwa sababu ya pombe. Amepewa kwa sababu kulikuwa na Marwa kabla yake, mzee ambaye nyumba haikutaka asahauliwe.

Nyangi ana hadithi yake. Inyangi ni sherehe ya jadi, ile ya kumpandisha mtu hatua katika maisha, na Abanyangi ni mojawapo ya marika makubwa ya vizazi vya Wakurya. Marika hayo yako katika mizunguko miwili. Mmoja una Abasaai, Abanyambureti, Abagamunyere na Abamaina. Wa pili una Abachuma, Abamairabe, Abagini na Abanyangi. Mtoto huzaliwa ndani ya rika linalofuata la baba yake, na mzunguko ukiisha huanza upya. Kwangu mimi hii ndiyo kalenda iliyofanya kazi ya jina la ukoo: ukijua rika la mtu, unajua umsalimieje na umheshimu vipi.

Jirani zetu Wazanaki wametupa mfano mkubwa kuliko yote. Burito, mtemi wa Butiama, aliitwa Nyerere kwa sababu alizaliwa wakati wa uvamizi wa viwavi, mnamo 1860. Mwanawe aliyezaliwa 1922 akaitwa Kambarage, jina la mzimu unaohusishwa na mvua, na Julius likaja baadaye kwa ubatizo, 1943. Kwa mtindo wa kupokezana majina, watoto wa Mwalimu Nyerere wangejulikana kwa jina la baba yao, Kambarage, na la babu lingekwisha kwa wajukuu. Lakini wanawe kina Makongoro na Madaraka wamebaki kina Nyerere, na viwavi wa karne ya 19 wamegeuka jina la familia. Kilichogandisha jina hilo ni kalamu na umaarufu. Mila haikuhusika.

Kalamu ilifika Tarime kwa njia kadhaa: daftari la kodi, misheni (Wamenonaiti walifungua kituo Shirati mwaka 1934), na zaidi ya yote jeshi. Wakurya waliingia jeshi la kikoloni la King's African Rifles kwa wingi, kisha JWTZ. Brigedia Mwita Marwa alikuwa miongoni mwa makamanda wa Vita vya Kagera, na Jenerali Ernest Mwita Kiaro akawa Mkuu wa Majeshi kuanzia 1988 hadi 1994. Karani wa jeshi alitaka jina la mtu na la baba yake, basi. Mpaka wa Kenya nao ukaongeza jambo lake: Bhoke, Ghati na Rhobi wa upande wa Tanzania, wakiwa Isebania, upande wa Kenya, wataandikwa Boke, Gati na Robi.

Kuna nyumba ambayo fomu haitaielewa kamwe, nayo ni nyumba ntobhu. Mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe, akaoa binti, na binti akazaa na mwanamume ambaye hana dai lolote juu ya watoto. Kimila, binti yule ni mkwe: ameolewa na kijana ambaye hakuwahi kuzaliwa. Watoto ni wajukuu wa mama, nao hubeba jina la nyumba yake, kwa kuwa ng'ombe walitoka kwake.

Msomaji wa Tarime au Serengeti, kabla mzee wako hajaondoka, mwombe akutajie ikiaro, egesaku na rika lake, uyaandike kwenye daftari. Kwenye kitambulisho hayamo.