Make: zana iliyozaliwa na asubuhi iliyopotea bure

Mwaka 1976, katika maabara za Bell nchini Marekani, Steve Johnson aliingia ofisini kwa mwenzake Stuart Feldman akifoka. Asubuhi nzima alikuwa akisaka kosa ndani ya programu isiyokuwa na kosa. Alikwisha kulirekebisha, ila faili husika haikugeuzwa upya kuwa lugha ya mashine, hivyo kompyuta ikawa inaendesha toleo la zamani. Feldman alimwelewa mara moja, kwani jioni iliyotangulia adha hiyohiyo ilikuwa imempata yeye.

Wikendi hiyo Feldman aliandika Make. Mwandaaji wa programu hutaja tu kipi kinategemea kipi; Make hutazama saa ambayo kila faili ilibadilishwa mara ya mwisho, kisha hujenga upya kile kilichopitwa na wakati, na hicho tu. Mpangilio wa kazi huutafuta yenyewe. Kwangu mimi, hilo ndilo wazo kubwa, na halijachakaa hadi leo.

Kero yake ni moja: mstari wa amri sharti uanze kwa alama ya Tab. Ukiweka nafasi za kawaida, macho hayaoni tofauti, lakini kazi inakwama. Feldman alieleza baadaye kwamba hakuibadilisha kanuni hiyo kwa sababu tayari alikuwa na watumiaji kama dazeni moja, hakutaka kuwavuruga. Mamilioni wakairithi kero hiyo.

James Duncan Davidson alipotengeneza zana kama hiyo, Ant, kwa ajili ya programu za Java, aliikwepa Tab kwa kutumia lugha ya XML. Kisha ikaja Gradle, iliyotoa toleo la 1.0 mwaka 2012 na ambayo sasa hujenga programu nyingi za simu za Android.

Gradle ilitenganisha mambo mawili ambayo wengi bado huyachanganya. Ukiandika kwamba kufungasha kuna "dependsOn" ya kupima, ukiagiza kufungasha, kupima nako kutafanyika, tena kwanza. Ukiandika "mustRunAfter", umepanga zamu tu: kufungasha kukiagizwa peke yake, hakuna kitakachopimwa. Anayetaka ulinzi akaandika zamu anaweza kutoa programu mbovu huku akidhani imepimwa.

Mwaka 2003, chama cha wanakompyuta cha ACM kilimtunuku Feldman Tuzo ya Mifumo ya Programu kwa ajili ya Make. Alistahili.