Waliobaki Wodini: Historia ya Wauguzi na Ebola

Historia hii inaanzia Yambuku, kaskazini mwa Kongo, enzi nchi ikiitwa Zaire. Mwaka 1976 hospitali ya misheni ya pale ilikuwa na vitanda 120 na haikuwa na daktari. Kazi yote ilikuwa mikononi mwa masista wa Kibelgiji na wauguzi wenyeji. Kila asubuhi wauguzi walikabidhiwa sindano tano tu za kuwatosha wagonjwa wa nje wa siku nzima. Mgonjwa akishachomwa, sindano inasuuzwa kwenye bakuli la maji ya uvuguvugu, anachomwa mwingine. Kwa njia hiyo homa isiyo na jina, iliyokuja kuitwa Ebola, ikaenea vijijini. Anayewalaumu hawatendei haki, kwani walitumia walichopewa, na gharama waliilipa wao kwanza: kati ya wafanyakazi 17 wa hospitali, 11 walifariki. Tarehe 30 Septemba hospitali ikafungwa.

Sista mmoja aliyeugua alipelekwa Kinshasa, hospitali ya Ngaliema. Mmoja wa waliomuuguza ni Mayinga N'Seka, binti wa Kizaire aliyekuwa bado kijana kabisa. Naye akaambukizwa, akafariki Oktoba. Kirusi kilichotolewa katika damu yake kinaitwa Mayinga mpaka leo katika maabara za dunia. Waliogundua Ebola wameandikiwa vitabu. Kwangu mimi, jina la Mayinga lingetangulia ukurasa wa kwanza.

Mwaka 1995 ikawa zamu ya mji wa Kikwit, nchini humo humo. Masista sita wa Kiitalia, wauguzi na wakunga, walikufa kati ya Aprili na Mei, wakiuguzana wao kwa wao.

Gulu, kaskazini mwa Uganda, ndiko ambako roho ya kazi hii ilipimwa hadharani. Oktoba 2000 wanafunzi wa uuguzi wa hospitali ya Mtakatifu Maria, Lacor, walianza kufa. Dkt. Matthew Lukwiya wa hospitali hiyo alikuwa Kampala masomoni. Akaitwa, akarudi, akafungua wodi ya pekee na kuomba wa kujitolea. Wauguzi walijitokeza. Walivaa gauni, barakoa, miwani na glavu katika joto lile, wakawalisha, wakawaosha na kuwabadilishia mashuka watu ambao ndugu zao wenyewe walikatazwa kuwagusa. Novemba wenzao walikufa mfululizo, uvumilivu ukaisha, wafanyakazi mamia wakakusanyika wakitaka hospitali ifungwe. Walikuwa na haki ya kuogopa. Lukwiya aliwasikiliza, akajibizana nao kwa saa kadhaa, akawaambia kwamba yeye habanduki. Wakarudi wodini. Mwezi ule ule yeye mwenyewe aliambukizwa, usiku alipokimbilia kumsaidia muuguzi aliyekuwa akitokwa damu. Alifariki tarehe 5 Desemba. Watu 224 walikufa katika mlipuko ule, na Lacor ilizika wahudumu wake zaidi ya kumi.

Kisha Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, 2018 hadi 2020: Mangina, Beni, Butembo, Katwa. Huku Kiswahili ndicho lugha ya wodini, na muuguzi alikuwa na maadui wawili. Ebola iliua watu 2,287 katika mlipuko mzima, na vituo vya tiba vilichomwa moto na kushambuliwa kwa risasi. Safari hii, hata hivyo, chanjo ilikuwapo, na imetengenezwa kwa kipande cha kirusi cha Kikwit, ule mji wa wale masista sita. Waliopona nao waliingia kazini: kwa kuwa miili yao ilikwisha kupata kinga, waliwabeba na kuwanywesha maziwa watoto wachanga ambao mama zao walilazwa.

Kila tarehe 12 Mei, Siku ya Wauguzi Duniani, kuna maua na hotuba, nazo ni stahili yao. Lakini wenye kupanga bajeti za afya, someni habari za Yambuku kabla ya kupanda jukwaani. Zile sindano tano ni somo la bajeti. Nunueni sindano na glavu za kutosha, lipeni posho za hatari kwa wakati, mjaze nafasi zilizo wazi ili muuguzi mmoja asiachiwe wodi nzima usiku kucha.